Baridi Yabisi: Urithi Si Hukumu

 

Wapenzi wasomaji, miongoni mwa maswali tunayoulizwa na kina mama, lipo hili: mama ameugua baridi yabisi hata vidole vimepinda, je, binti zake nao watairithi? Nyuma ya swali hilo mna jambo zito zaidi, kwani zipo posa zinazorudishwa kwa sababu ya mikono ya mama wa binti, na wapo wake wanaoambiwa na wakwe kwamba wameleta ugonjwa wa ukoo. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa elimu, kwa kuwa dhulma nyingi huota penye ujinga.

Maradhi yenyewe

Hapa kwetu jina la baridi yabisi hubeba maradhi mengi. Mzee anayelalamikia magoti kila apandapo ngazi, aghalabu viungo vyake vimechakaa kwa umri. Tunayoyakusudia hapa ni maradhi mengine: kinga ya mwili, ambayo Mola ameiweka ipambane na vijidudu, hugeuka ikaushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Utando huo huvimba, na usipotibiwa uvimbe hula gegedu na mfupa. Maradhi haya huanza mara nyingi kwenye vidole na vifundo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja. Alama yake kubwa ni kukakamaa kwa asubuhi: mtu huamka vidole havikunjiki, na hali hiyo hudumu zaidi ya nusu saa, pengine saa nzima na zaidi. Mama huyo hawezi tena kukuna nazi, kukanda unga, wala kumfunga mtoto vifungo vya shati. Huwapata watu wazima wasiozidi 1 hivi katika kila 100, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume.

Urithi una sehemu gani?

Kila mwanadamu hurithi kwa baba na mama chembe za urithi, ziitwazo jeni. Jeni ni maagizo ambayo kwayo mwili hujijenga, na maagizo hayo hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu, kama sura zetu zinavyotofautiana. Mwaka 1978 mtaalamu Peter Stastny alionyesha kuwa alama fulani ya kinga ilionekana kwa wagonjwa wa baridi yabisi zaidi kuliko kwa wazima. Mwaka 1987 Peter Gregersen na wenzake wakaeleza kwamba jeni kadhaa za aina hiyo zinafanana mahali pamoja padogo, toka nafasi ya 70 hadi ya 74 ya protini moja. Jeni hiyo huitwa HLA-DRB1. Kazi ya protini yake ni kuvishika vipande vya vitu na kuwaonyesha askari wa kinga, ili wamjue adui. Likiwa na umbo fulani, huenda likawaonyesha askari kipande cha mwili wenyewe, nao wakakidhania ni adui.

Lakini jeni hiyo haiko peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha watu zaidi ya 100,000, ulitaja sehemu 101 za urithi zinazohusiana na maradhi haya, na nyingi kati ya hizo athari yake ni ndogo mno. Tuzingatie pia kwamba watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia. Iko jeni iitwayo PTPN22, ambayo mwaka 2004 badiliko lake moja lilihusishwa na baridi yabisi. Badiliko hilo ni la kawaida Ulaya, lakini kwa Waafrika ni nadra sana. Basi mizani iliyopimiwa watu wa mbali haifai kuwahukumia watu wetu bila ya uchunguzi.

Ushahidi wa mapacha

Mwenye shaka na awatazame mapacha wanaofanana, ambao urithi wao ni mmoja. Watafiti wa Uingereza waliwachunguza mapacha ambao mmoja wao anaugua, wakakuta kwamba pacha wa pili aliugua kwa kiasi cha 15 katika 100. Maana yake, 85 hawakuugua ijapokuwa jeni zao ni zilezile. Ama mtoto au ndugu wa mgonjwa, hatari yake ni kiasi cha mara tatu ya watu wengine. Na mara tatu ya kitu kidogo bado ni kidogo: palipokuwa na 1 katika 100, huwa 3. Wako wengi wenye jeni hizo wanaoishi na kufa wazima, na wako wagonjwa wasiokuwa nazo.

Basi urithi ni kama kuni kavu: haziwaki bila cheche. Cheche iliyothibitika zaidi ni moshi wa sigara, nao huzidisha hatari hasa kwa mwenye jeni zile. Baba anayevuta sigara nyumbani kisha akakataa posa kwa kuhofia urithi, ameiacha hatari iliyo mkononi mwake akaikimbia iliyo mbali.

Lililo mikononi mwetu

Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha tujitibu. Viungo vikivimba na kukakamaa asubuhi kwa wiki kadhaa, mwele apelekwe kwa daktari mapema, kwani mfupa ukishaliwa haurudi. Hijama na dua ni kheri, lakini zisimcheleweshe mtu na matibabu. Vidonge vya dukani vinavyotuliza siku moja, vikiwa ni vya steroidi na vikamezwa ovyo, hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Dawa inayotumika sana, methotrexate, humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na ni hatari kwa mimba. Mke anayetaraji kushika mimba amweleze daktari kabla. Wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha maumivu yakawarudia baada ya kujifungua. Huo ndio wakati wa kumsaidia, si wa kumwita mvivu.

Sheria yetu nayo ni nyepesi. Asiyeweza kusimama na aswali ameketi, na asiyeweza kusujudu na aashirie. Anayedhuriwa na maji ana tayamamu. Na mume anayemmiminia mkewe maji ya udhu, huku vidole vyake vimekataa kushika kata, yumo katika ibada.

Tunawausia wazazi: mkipima posa, pimeni dini na tabia. Vidole vya mama mkwe si hati ya mashtaka. Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.