Kizunguzungu na Dhiki ya Moyo

Wakazi wa Kashai hawajaisahau tarehe 10 Septemba 2016, siku ardhi ya Bukoba ilipotikisika na nyumba nyingi zikabomoka. Lakini yuko mtu ambaye kwake ardhi hutikisika siku yo yote, hali nyumba imetulia. Akiinuka kutoka katika sijida, huona kuta zinamzunguka. Na jamaa zake humwambia kuwa ana pepo, au kuwa imani yake ni dhaifu.

Ndugu msomaji, maneno hayo si ya haki. Kipandauso si maumivu ya kichwa tu. Iko aina yake iletayo kizunguzungu na kichefuchefu, pengine bila ya kichwa kuuma, nayo huweza kudumu dakika chache au hata siku tatu. Mwaka 2012 mabingwa wa tiba walikubaliana juu ya alama za kuitambua.

Mwenyezi Mungu ameupa mwili mashahidi watatu wa kuusimamisha sawasawa: macho, sikio la ndani, na miguu pamoja na viungo. Ubongo hupima ushahidi wao. Katika maradhi haya upimaji huo huvurugika, mtu akayumba, na hofu ikamwingia. Usiku halali, mchana haendi sokoni. Na kukosa usingizi na dhiki ya moyo ni katika mambo yaamshayo kipandauso. Basi kizunguzungu huzaa hofu, na hofu huzaa kizunguzungu. Tena akishinda kitandani siku zote, ubongo hukosa mazoezi ya kuusimamisha mwili.

Basi na afanyeje? Aende kwa daktari. Alale na ale kwa saa zake. Na shambulio likipita, atembee kidogo kidogo, akiwa na mtu wa kumshika mkono. Lakini kizunguzungu kikija ghafla pamoja na ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, apelekwe hospitali mara moja, maana huenda ni kiharusi.

Mtume (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Husain, alipokuwa mgonjwa, asali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Qurani nayo imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Ikiwa Mola wake amempunguzia mzigo, je, sisi tumwongezee? Mama akisema nyumba inamzunguka, mpokeeni ndoo ya maji, nyamazisheni redio, mwacheni apumzike. Huko kumtuliza moyo ni sehemu ya dawa yake.