Umeme wa gesi: Bila maji ya kutosha, masizi yatakula mtaji wako

WAFANYABIASHARA wa mpakani huniuliza kuhusu seli za fueli, mitambo inayotoa umeme kutokana na hidrojeni bila kelele za jenereta. Huniuliza mimi kwa kuwa nafundisha kemia, somo nililolipenda tangu nikiwa mwanafunzi kambini Kigoma, enzi za ukimbizi.

Hidrojeni itatoka wapi, ilhali sokoni kuna mitungi ya gesi ya kupikia tu? Gesi hiyo yaweza kugeuzwa. Ndani ya chombo kiitwacho rifoma, huchanganywa na mvuke wa maji na kupitishwa kwenye kichocheo cha nikeli, katika joto la nyuzijoto 700 hadi 900. Hapo ndipo hidrojeni hupatikana.

Adui mkubwa ni masizi. Mvuke ukipungua, gesi huvunjika na kuacha kaboni. Haya si masizi ya kusugua kama ya sufuria. Vijiuzi vya kaboni huota chini ya chembe za nikeli na kuzing'oa, kisha hupasua vidonge vya kichocheo na kuziba njia ya gesi. Kaboni yaweza kuunguzwa, lakini kidonge kilichopasuka hakiungiki.

Kinga ya kwanza ni maji. Kipimo cha kawaida ni molekuli 3 za mvuke kwa kila atomu 1 ya kaboni. Kwa hesabu hiyo, kilo 1 ya gesi ya mtungi huhitaji takriban lita 3.7 za maji. Mtungi wa kilo 6 utahitaji lita 22, yaani dumu la lita 20 na zaidi kidogo, tena maji yaliyoondolewa chumvi.

Aidha, propani na butani za kwenye mtungi huacha masizi upesi kuliko methani. Ndiyo maana mitambo mingi huzipitisha kwanza katika chumba cha joto la chini, kama nyuzijoto 500, zigeuke methani.

Hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha muulize muuzaji mambo matatu: Je, chumba hicho kipo? Mtambo unarudisha maji yanayotoka kwenye seli, au utayanunua kila siku? Maji yakikatika, gesi inajifunga yenyewe papo hapo?

Akibabaika kwa hilo la mwisho, rudi na fedha zako nyumbani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.