Kwa Nini Betri ya Simu Hubaki Nyuma

iPhone ya kwanza, iliyotoka mwaka 2007, ilikuwa na betri yenye uwezo wa takriban mAh 1,400. Leo simu nyingi za bei ya kawaida zina mAh 5,000, na bado ikifika jioni tunatafuta chaja. Wengi huwalaumu watengenezaji kwa uzembe. Lawama hiyo si ya haki, kwani kikwazo kikubwa ni kemia yenyewe.

Ndani ya betri mna karatasi mbili nyembamba za metali. Ya shaba imepakwa grafaiti. Ya alumini imepakwa mchanganyiko wa lithiamu, kobalti na oksijeni. Kati yake kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na vyote vimeloa kimiminika kinachoshika moto. Ukichaji, ioni za lithiamu huhama kutoka upande wa kobalti na kujipenyeza kwenye tabaka za grafaiti. Ukitumia simu, hurudi zilikotoka.

Msingi wa teknolojia hii uliwekwa na Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Kampuni ya Sony ilianza kuuza betri hizo mwaka 1991. Tangu hapo, nishati inayobebwa na kila kilo ya betri imeongezeka takriban mara tatu tu. Sehemu kubwa ya kobalti inayotumika duniani huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi, kwa hiyo suala hili linatugusa kwa karibu.

Grafaiti imekaribia ukomo wake, kwa kuwa atomu sita za kaboni zinahitajika kushika ioni moja tu ya lithiamu. Silikoni ina uwezo mkubwa zaidi: atomu moja hushika karibu ioni nne. Tatizo ni kwamba ikishiba lithiamu huvimba mara kadhaa ya ujazo wake, na ikivimba na kunywea kila siku hupasuka. Ndiyo maana watengenezaji huichanganya na kaboni kwa kiasi. Kuanzia mwaka 2023, kampuni za China zimeanza kuuza simu zenye betri za aina hii, na sasa baadhi zimevuka mAh 6,000 bila simu kuwa nene.

Kuchaji kwa haraka nako kuna gharama. Ioni zikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi hushindwa kuingia kwenye grafaiti, zikaganda juu yake kama metali. Lithiamu hiyo huweza kupotea moja kwa moja, au kuota ncha kali zinazotoboa utando. Pande mbili zikigusana, moto unaweza kulipuka. Kwa sababu hiyo simu hupunguza kasi ya kuchaji inapokaribia kujaa. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu za Galaxy Note 7 baada ya kasoro za betri kusababisha baadhi yake kuwaka.

Adui mwingine ni joto, ambalo huvunja kimiminika cha ndani na kuzalisha gesi. Mfuniko wa nyuma wa simu ukianza kuinuka, betri imevimba. Zima simu, usiichaji tena, usiibonyeze wala kuitoboa. Ipeleke kwa fundi. Usiache simu kwenye dashibodi juani, wala usiichaji chini ya mto. Kama unaweza, ichaji hadi asilimia 80 na usisubiri izime kabisa.

Unaponunua simu, usiishie kuuliza mAh. Uliza betri itadumu na uwezo wake kwa mizunguko mingapi ya chaji. Tangu Juni 20, 2025, simu mpya zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya sharti zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800. Mamlaka zetu za viwango nazo zidai hivyo, kwa sababu mnunuzi wa hapa hulipa pesa ileile iliyotoka jashoni.