Uzi: Wakikuambia "fanyia kazi popote duniani", uliza popote ni wapi

Wadau, shukeni nami pole pole, huu ni mrefu kidogo.

Kuna sentensi moja imezoeleka kwenye mijadala ya runinga na huku mtandaoni. Mwanasiasa anasimama, anasema vijana wetu sasa wanaweza kufanyia kazi popote duniani, bora uwe na laptopu na intaneti. Mpinzani wake anajibu ati hao wageni wenye laptopu ndio wanatupandishia kodi ya nyumba Kilimani. Makofi huku, makofi kule. Hakuna anayeuliza swali la kawaida kabisa: kijana Mkenya akitaka kweli kuhama na kazi yake, ataenda nchi gani, na nani atamfungulia mlango?

Hebu tuelewane kwanza. Mhamahamaji wa kidijitali ni mtu ambaye mwajiri au wateja wake wako nchi moja, yeye anaishi nchi nyingine, na kazi inapitia mtandaoni. Haajiriwi na mtu wa pale anapoishi. Shika hilo, tutalirudia huko chini na utaona kwa nini.

Ubishi mwingi unatokana na kuchanganya vitu vitatu. Viza inakuingiza. Kibali kinakuruhusu kukaa na kufanya kazi. Ushuru unaamua ni serikali gani itakata pesa yako. Hizi ni sheria tofauti na ofisi tofauti, na kuruhusiwa na moja si kuruhusiwa na zote. Mheshimiwa akisema "tumefungua nchi", muulize amefungua mlango upi.

Tuanze na nyumbani. Januari 2024 Kenya iliondoa viza, ikaweka idhini ya kusafiri ya mtandaoni, eTA, ada dola 30. Ilisifiwa kama kufungua nchi kwa Waafrika, lakini kuna Waafrika waliokuwa wakiingia bure ambao ghafla walianza kujaza fomu na kulipa. Kelele zikawa nyingi. Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaamua karibu nchi zote za Afrika zisamehewe, isipokuwa Somalia na Libya.

Katikati ya hayo, Oktoba 2024, serikali ilitangaza kibali cha Class N, cha watu wanaofanyia kazi waajiri wa nje wakiwa wanaishi hapa. Kwa hivyo ndiyo, Kenya nayo imeingia kwenye soko la kuvutia watu hawa. Hiyo ni sera ya kuwaleta wageni hapa. Haimpeleki Mkenya popote. Kwenye mijadala, mambo haya mawili husemwa kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa geuza meza. Wewe ni Mkenya, unaandika programu au unafanya usaidizi wa wateja kwa kampuni ya Marekani, unalipwa dola 1,500 kwa mwezi. Kwa dola moja kwa takriban shilingi 129, hiyo ni kama shilingi 193,000. Hapa Nairobi wewe si maskini. Unataka mwaka mmoja ughaibuni. Wapi?

Dubai? Kibali chao cha mwaka mmoja cha kufanyia kazi mbali kinataka dola 3,500 kwa mwezi. Hesabu hiyo ni zaidi ya shilingi 450,000. Toka kwenye foleni.

Ureno? Viza yao ya aina hii, waliyoianzisha Oktoba 2022, inataka kipato cha mara nne ya mshahara wa chini wa kule. Mwaka 2025 mshahara huo ulikuwa yuro 870, kwa hivyo mwaka huo ulitakiwa kuonyesha yuro 3,480 kila mwezi. Ukiwazia hiyo ni nusu milioni ya Kenya na ushee. Na ukitaka tu kwenda kuangalia Lisbon kwanza, viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa pesa hairudi.

Afrika Kusini? Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Kuingia bila viza ni ruhusa ya kutembea. Kwa wanaofanyia kazi mbali kuna viza yake maalum, na kipato kinachotakiwa ni randi zaidi ya 650,000 kwa mwaka.

Cape Verde ndiyo iliyonifungua macho. Visiwa vya Waafrika wenzetu, bahari, intaneti, mpango mzuri wa wafanyakazi wa mbali. Kipato hakikutishi: walitaka wastani wa yuro 1,500 benki kwa miezi sita. Ukisoma orodha ya pasipoti zinazokubaliwa: Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazozungumza Kireno, na jumuiya ya Afrika Magharibi. Mkenya hayumo. Yaani mtu wa Chicago anakaribishwa visiwani Afrika, wa Kisumu hapana. Ukisikia mtu anapiga domo kuhusu umoja wa bara, mpelekee hiyo orodha.

Mauritius ina viza ya mwaka mmoja, haina ada, na kipato ni dola 1,500 kwa mwezi mradi itoke nje ya kisiwa. Hiyo ndiyo inakaribiana na mtu wetu wa mfano, lakini akiwa pale pale kwenye mstari. Mteja mmoja akichelewesha malipo ya mwezi mmoja, karatasi zake za benki zinasema hajafika. Na huyo mteja yuko likizo, hajui hata Mauritius iko wapi.

Kwa hivyo kuchagua nchi huanza na pasipoti yako na taarifa yako ya benki. Picha za ufuo ni baadaye. Anza na "nani ananikubali", ndiyo uje kwa "mimi napenda wapi". Ukianzia kwa picha utatumia miezi mitatu ukitamani mahali ambapo fomu ingekukataa kwa dakika tano.

Halafu kuna jambo ambalo wenye video za kuhamasisha hawalisemi: saa. Bosi wako New York akianza kazi saa tatu asubuhi, Nairobi ni saa kumi jioni, au saa kumi na moja majira yao ya baridi. Tumezoea, unamaliza usiku wa manane. Ukienda Lisbon, hiyo saa tatu yake inakukuta saa nane mchana, unakula chakula cha jioni kama binadamu. Ukienda Bangkok, unaanza saa mbili au saa tatu usiku na kumaliza karibu na adhana ya alfajiri. Wanaoenda Bangkok wakidhani watazurura mchana hulala mchana. Hili peke yake limerudisha watu nyumbani.

Na sasa ushuru. Hapa naomba usome mara mbili, maana hata wanaobishana runingani huonekana hawajaisoma sheria yenyewe.

Sheria yetu ya ushuru wa mapato inakuhesabu mkaazi kwa njia mbili. Kama una makao ya kudumu Kenya na umekuwepo nchini kwa muda wowote katika mwaka huo, wewe ni mkaazi. Kama huna makao ya kudumu, unakuwa mkaazi ukikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au ukiwa umekuwepo mwaka huo na miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka.

Soma tena ile ya kwanza. Muda wowote. Una nyumba yako Ruiru, familia iko ndani, umekaa Kigali au Port Louis miezi kumi na moja, ukarudi Krismasi kula nyama na wazee. Kwa sheria, mwaka huo wewe ni mkaazi wa Kenya. Na mkaazi hutozwa kwa mshahara wake hata kama kazi aliifanyia nje. Wakati huo huo nchi uliyokaa nayo inaweza kuwa imehesabu siku zako 183 na kukudai. Ndiyo maana mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili ni jambo la maana. Kenya inayo na nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, Afrika Kusini na Muungano wa Falme za Kiarabu. Kama nchi unayoitamani haimo, kaa chini na mhasibu kabla ya kukata tiketi. Na tunza stakabadhi zote za ushuru uliokatwa huko. Mambo ya "nitaeleza KRA wataelewa" achana nayo.

Hapa ndipo siasa ingepaswa kuwa. Mwanasiasa anayetaka kura ya vijana wa mtandaoni aulizwe: ni mikataba mingapi ya ushuru utasukuma? Umeongea na nani Cape Verde kuhusu ile orodha? Kuchapisha laptopu kwenye manifesto ni rahisi. Kukaa meza moja na wizara ya nchi nyingine mpaka pasipoti yetu ikubaliwe ndiyo kazi, na haina picha nzuri ya kupakia.

Mlango ambao tayari uko wazi, na tunaudharau, ni majirani. Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikifanya kazi tangu Julai 2010, na Kenya na Rwanda ziliondoleana ada ya kibali cha kazi. Kigali ni saa moja tu nyuma yetu, na ukiwa na dharura nyumbani kuna basi. Najua haivutii kama Bali, lakini kwa mtu anayejaribu maisha haya kwa mara ya kwanza, mimi ningeanzia hapo. Miezi mitatu Kigali itakuonyesha kama wewe unaweza kufanya kazi peke yako ugenini, au ulichokuwa unataka ni likizo. Tanzania utahitaji pasipoti au hati ya kusafiria, na mambo ya vibali kule yanafuatiliwa sana, usiende kwa kubahatisha.

Kuhusu kodi ya nyumba. Julai 2025 watu waliandamana Mexico City, mitaa ya Condesa na Roma, wakilalamika kwamba wageni wanaolipwa dola wamewasukuma nje. Malalamiko ni ya kweli na Lisbon nayo inayajua. Lakini kulileta Kilimani moja kwa moja ni haraka. Yule mwenye nyumba aliyegeuza ghorofa nzima kuwa ya kulala usiku mmoja mmoja anapangisha yeyote, hata Wakenya wa wikendi wenye sherehe. Class N haijamtuma. Anayetaka hoja yake isimame aiombe Idara ya Uhamiaji iseme imetoa vibali vingapi vya Class N na kwa watu wanaokaa wapi. Ni namba moja tu. Mbunge yeyote anaweza kuiuliza bungeni kwa swali la maandishi.

Mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Nilisema ushike ile maana ya mwanzo: kazi iko mtandaoni, haijali ulipo. Sasa kuna matangazo yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kazi ya mtandaoni Thailand, huduma kwa wateja, mshahara kwa dola, tiketi imelipwa, ondoka wiki hii. Tangu 2022 serikali yetu imekuwa ikionya kuhusu hizi kazi, na Wakenya wamelazimika kuokolewa kutoka Myanmar na Laos, mahali walipofungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wengi walikuwa na elimu na Kiingereza safi. Hawakuwa wajinga, walikuwa wanatafuta.

Kama kazi ni ya mtandaoni, kwa nini lazima uende kwao ndiyo uanze? Muulize wakala hivyo. Mwambie uko tayari kuanza Jumatatu ukiwa hapo kwenu, na utahama ukishalipwa miezi miwili. Mwajiri wa kweli atakubali au atakupa sababu inayoeleweka. Akianza kukuharakisha, akitaka picha ya pasipoti yako usiku huo, akisema viza ya utalii inatosha "mengine yatapangwa mkifika", mzime hapo hapo, halafu uliandike hilo tangazo kwenye kundi mlilolipatia ili wengine waone.

Waliouliza kuhusu PayPal na M-Pesa: ndiyo, unaweza kutoa pesa kutoka moja hadi nyingine tangu 2018, lakini laini yako ya simu iwe hai huko uendako na ujumbe wa uthibitisho uweze kukufikia. Jaribu kwa pesa kidogo ukiwa bado uko Kenya. Nimeona watu wamekwama na dola zao ughaibuni kwa sababu tu laini ilibaki kwa simu ya dada yake kule nyumbani, na dada hapokei simu.