Mjusi wa Miiba wa Tendaguru: Wa Kwetu Tusiyemjua

Mwaka jana nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika shule moja ya kata nje kidogo ya jiji la Dodoma, niliwaomba wanafunzi wa Kidato cha Pili wanitajie dinosaria. Wote walimtaja yule wa kwenye filamu, mwenye meno kama visu. Nikawaambia hata kwetu alikuwepo mmoja, mla majani, mwenye miiba hadi mkiani. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, yuko wapi tukamwone?" Nikajibu, "Ujerumani." Darasa zima likacheka. Akauliza tena: "Sasa alikuwa anafananaje?" Hapo nilikwama. Chaki ninayo mkononi, ila sikuweza kumchora.

Nimesoma tangu siku ile, na haya ndiyo niliyopaswa kumjibu.

Jina lake la kisayansi ni Kentrosaurus aethiopicus. Sisi tumwite kentrosauri. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Wataalamu kutoka Berlin walichimba hapo kati ya 1909 na 1913, na mmoja wao, Edwin Hennig, ndiye aliyempa jina mwaka 1915. Lakini jamani, majembe hayakushikwa na wataalamu. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa kusini, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, kisha wapagazi wakabeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi.

Kwa urefu alikuwa mita nne na nusu hivi, karibu sawa na Noah, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Miguu ya mbele ilikuwa mifupi kuliko ya nyuma, kwa hiyo kichwa kilikaa chini na kiuno kikapanda juu. Umbo hilo peke yake linakuambia alikula nini: mimea ya chini, kama jamii ya madole. Nyasi hazikuwepo bado duniani.

Ili kumwelewa zaidi, nenda mnada wa Msalato ukamtazame mbuzi vizuri kabla hajafika kwenye moto. Mbuzi ana magego mapana ya kusaga, na akishiba analala akicheua. Kentrosauri alikuwa na vijino vidogo visivyoweza kusaga hivyo. Alikata majani, akameza, kazi kubwa ikabaki kwa tumbo. Halafu tazama pembe: ndani kuna mfupa, nje kuna gamba gumu. Miiba ya kentrosauri inadhaniwa ilikuwa hivyo hivyo, maana yake alipokuwa hai ilikuwa mirefu na mikali kuliko mifupa tunayoiona leo.

Shingoni hadi katikati ya mgongo alikuwa na vibamba vya mfupa, viwili viwili. Kuelekea kiunoni vibamba vinakuwa vyembamba, vinageuka miiba hadi ncha ya mkia. Jozi nyingine ya miiba mirefu ilitokeza ubavuni; zamani iliwekwa nyongani, siku hizi wengi wanaiweka mabegani. Mkia wenyewe ulikuwa na pingili 40 hivi. Mtaalamu Heinrich Mallison aliutengeneza upya kwenye kompyuta akaona kwamba ungeweza kuzunguka nusu duara na kupiga kwa nguvu ya kutisha. Mla nyama aliyemvizia kwa nyuma alikuwa amechagua upande mbaya.

Tendaguru ilitoa zaidi ya mifupa 1,200 ya kentrosauri, ya wanyama kama 50. Mingi iliteketea Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baadhi ya iliyobaki imeunganishwa ikasimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, jirani na yule mrefu wa mita 13 tunayemwita "mjusi wa Tendaguru".

Huyo mrefu ndiye tunayemgombania. Suala lake limewahi kuulizwa hapa hapa Dodoma, bungeni, na hata vimbwetani tunabishana arudi au abaki. Mimi naona arudi. Ila tukiulizwa miguu yake ilikaaje au alikula nini, wengi tunanyamaza. Na yule mdogo wa miiba hata jina lake hatulijui. Mtu anayedai mali yake huanza kwa kuitaja alama zake.

Sisi tunaosomea ualimu hatuhitaji kusubiri meli kutoka Hamburg. Fuvu la mbuzi, pembe moja na chaki vinatosha kwa kipindi cha dakika 40. Nikirudi shuleni nitaanza na kiuno kilichopanda, kisha mkia. Binti yule akiuliza tena yuko wapi, jibu bado litakuwa Berlin. Safari hii atakuwa anamjua anayemuulizia.