Hesabu za Kikundi Ndani ya Kompyuta

Daftari la kikundi likilowa mvua, au mweka hazina akihama nalo, wanachama hubaki wakibishana juu ya hisa na marejesho. Kwa kikundi chenye mkopo utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, utolewao kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ubishi huo waweza kukivunja kikundi chenyewe.

Kompyuta moja, hata iliyokwishatumika, hupunguza hatari hiyo iwapo ina LibreOffice, programu ipatikanayo bila malipo. Sehemu yake iitwayo Calc hutengeneza majedwali yanayojumlisha hisa na riba yenyewe. Writer huandika barua na mihtasari ya vikao, kisha huigeuza kuwa PDF, muundo unaotumika pia kuambatisha vyeti katika maombi ya ajira serikalini. Kiswahili si kigeni humo: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu iliyoizaa LibreOffice.

Programu zilizovunjwa leseni, zinazopitishwa kwa flashi, hazifai. Urahisi wake ni wa siku moja. Virusi vyake huweza kufuta hesabu za miaka.

Umeme nao hukatika bila taarifa, hivyo mwandishi abonyeze Ctrl na S kila baada ya mistari michache. Nakala ya faili itunzwe na mwanachama mwingine, asiwe mweka hazina, na kila mwisho wa mwezi jedwali lichapishwe na kusainiwa mbele ya wanachama.