Kazi ya Kwanza ya Kompyuta: Mshahara wa Haki ni Kiasi Gani?



Siku hizi swali hili linakuja karibu kila mahali tunapokutana na vikundi. Mama amekopa katika kikundi Sh. 40,000 ili kumalizia karo ya mtoto chuo cha ufundi. Kijana amemaliza, amepata cheti au diploma ya kompyuta, na sasa ameitwa kazi. Mwajiri amemwuliza, "Wewe unataka mshahara wa pesa ngapi?" Kijana anakosa jibu. Akitaja nyingi anaogopa atafukuzwa, akitaja kidogo atajuta miaka miwili. Anapiga simu nyumbani, na nyumbani nako hakuna anayejua kazi yenyewe ni gani.

Tuanze hapo basi. Kazi hii wengine huiita ufundi wa kompyuta, lakini si kufungua mashine na bisibisi tu. Printa ya shule imekataa kuchapa mitihani na mitihani ni kesho. Karani wa SACCO amesahau neno lake la siri na wanachama wamepanga foleni hadi nje. Intaneti imekatika, virusi vimeingia, kompyuta mpya zinataka kuwekewa programu, waya za mtandao zipitishwe darini, na nakala za hesabu za ofisi ziwekwe mahali salama kila jioni. Anayeifanya ndiye anayeitwa wa kwanza wakati mambo yameharibika, na hakuna anayemkumbuka yakiwa sawa. Ndiyo maana waajiri wengi huidharau kazi hii wanapopanga mshahara.

Sasa tuangalie sakafu, yaani kiasi ambacho sheria haimruhusu mwajiri kushuka chini yake. Serikali hutoa amri ya kima cha chini cha mshahara. Katika amri iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, mfanyakazi wa kawaida asiye na ujuzi katika miji kama Nairobi na Mombasa aliwekewa Sh. 16,113.75 kwa mwezi. Huo ni mshahara wenyewe, kabla ya nyumba. Asiyepewa nyumba na mwajiri huongezewa asilimia 15 ya kodi, yaani kama Sh. 2,417. Jumla inafika karibu Sh. 18,530. Huko mashambani sakafu katika amri hiyo ilikuwa ya chini sana, karibu Sh. 8,600 kabla ya nyumba. Kabla ya kwenda kuzungumza na mwajiri, ulizeni katika ofisi ya leba kama amri mpya imetoka, kwa maana viwango hivi hupandishwa mara kwa mara.

Mwangalie vizuri hapo. Sh. 18,530 zilikuwa za mtu wa kufagia na kubeba mizigo mjini. Amri hiyo hiyo inampa zaidi fundi mwenye cheti cha daraja, na humpandisha kutoka daraja la 3 hadi la 1. Kwa hivyo kijana aliyesoma miaka miwili akiambiwa "Nairobi tutakupa elfu kumi na mbili kwa kuanza", huko si kuanza. Hiyo ni chini ya sheria. Na maneno ya "wewe bado uko kwa majaribio" hayabadilishi kitu. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu majaribio ya miezi 6, ambayo yanaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi mingine 6 ikiwa mfanyakazi amekubali, lakini haikusema wakati huo alipwe chini ya kima cha chini.

Jambo la pili ni makato, na hapa ndipo wazazi wengi hushangaa. Mtoto anasema analipwa elfu ishirini na tano, halafu mkononi hazionekani. Tukichukua viwango vya 2025, NSSF ilikata asilimia 6, mchango wa afya wa SHIF asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Jumla ni asilimia 10.25. Kwa mshahara wa Sh. 25,000 hiyo ni Sh. 2,562.50, na mkononi zinabaki Sh. 22,437.50. Kodi ya mapato hapo haikuguswa, kwa sababu kinachobaki baada ya michango hiyo kiko chini ya Sh. 24,000. Kila mwezi adai hati ya mshahara inayoonyesha kila kato. Ni haki yake kwa sheria. Tena baada ya miezi michache aende NSSF aone kama pesa zimefika kweli, kwa maana wako waajiri wanaokata na kuweka mfukoni.

Haya, sasa tushike daftari. Hesabu hii niliifanya na kikundi kimoja cha akina mama ambapo binti ya mwanachama alikuwa na nafasi mbili. Moja ilikuwa Nairobi kwa Sh. 25,000, katika ofisi yenye kompyuta nyingi. Ya pili ilikuwa shule ya sekondari iliyo karibu na kwao, Sh. 17,000 na chakula cha mchana. Akina mama karibu wote walisema, "Aende Nairobi!" Nikawaomba tuandike kwanza.

Nairobi: chumba Sh. 6,000, maji na stima 1,000, nauli ya 150 kwa siku mara siku 26 ni 3,900, chakula 7,500, simu 1,000, sabuni na nguo 1,000. Jumla Sh. 20,400. Ukitoa katika zile 22,437.50, zinabaki Sh. 2,037.50. Deni la kikundi ni Sh. 2,000 kwa mwezi kwa miezi 20. Amebaki na shilingi thelathini na saba na nusu. Akiugua jino moja tu, mama atauza kuku kumtumia pesa.

Shuleni: makato ya Sh. 17,000 ni 1,742.50, mkononi zinakuja 15,257.50. Analala kwao. Nauli ya 100 kwa siku ni 2,600, anachangia chakula cha nyumbani 3,000, simu 1,000, sabuni na nguo 1,000. Jumla 7,600. Zinabaki Sh. 7,657.50. Alipe deni Sh. 2,000, bado ana zaidi ya elfu tano na mia sita.

Chumba chote kikanyamaza. Mshahara mdogo ndio uliobakisha pesa nyingi!

Lakini tusikimbilie kusema Nairobi ni mbaya. Kule angekuwa na fundi mkubwa wa kumfundisha, angeona mashine na mitambo ya mtandao ambayo shuleni haipo. Katika kazi hii ujuzi wa miaka miwili ya kwanza ni mali, kwa sababu ndio utakaouliziwa katika kazi ya pili. Shuleni angekuwa peke yake na kompyuta zilizochoka, bila wa kumwuliza. Mimi kwa maoni yangu, nafasi ya kujifunza ina thamani ikiwa kuna mtu kweli wa kufundisha. Kama huyo mtu hayupo, neno "utapata uzoefu" ni kisingizio cha kulipa kidogo.

Kwa hivyo tulibadilisha swali. Badala ya kuuliza aende wapi, tuliuliza: Nairobi walipe ngapi ndipo aishi, alipe deni, na abaki na Sh. 3,000 za akiba na ugonjwa? Anahitaji Sh. 25,400 mkononi. Kurudi nyuma kwa makato, pamoja na kodi ya mapato inayoanza kugusa hapo, ya kama Sh. 500, inafika mshahara wa karibu Sh. 29,000. Hiyo sasa ni namba yenye miguu. Binti anaweza kuitaja bila kutetemeka kwa sababu anajua imetoka wapi. Papa Leo wa 13 katika barua yake ya 1891 kuhusu wafanyakazi alisema jambo kama hilo: mapatano ya mdomo peke yake hayafanyi ujira kuwa wa haki, ni lazima umtoshe mtu mwenye maisha ya kiasi.

Mwajiri naye ana daftari lake, na kijana afikirie pia upande huo. Aulize kwa upole, "Kabla yangu mlikuwa mnamwita nani?" Tuseme shule ilikuwa inaita fundi wa nje kwa Sh. 1,500 kila mara, na alikuja mara kumi kwa mwezi. Hiyo ni Sh. 15,000 tayari, na siku nyingine zote kompyuta zimelala. Anayekuwapo kila siku ana thamani kupita hiyo.

Akiongea na mwajiri asianze kwa shida za nyumbani. Mwajiri hakumtuma mama kukopa. Aseme hivi: "Asante kwa kunipa nafasi. Nimehesabu kodi, nauli na makato ya hapa mjini, na nimeangalia kazi mliyonieleza. Naomba elfu ishirini na tisa." Kisha anyamaze. Vijana wengi huharibu hapo, wanaanza kujipunguza wenyewe kabla hawajajibiwa. Mwajiri akisema hana, kuna vingine vya kuomba: nauli alipiwe, simu za kazi zisitoke mfukoni mwake, kozi moja kwa mwaka alipiwe ada, au mshahara utazamwe tena baada ya miezi 6. Hili la mwisho liandikwe kwa barua. La mdomo husahauliwa.

Saa nazo ni pesa. Amri ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 kwa wiki, na siku moja ya kupumzika. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Saa moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 225. Mwenye mshahara wa Sh. 20,000, bila kuhesabu nyumba, saa yake ni kama Sh. 89, ya ziada Sh. 133, ya siku ya mapumziko Sh. 178. Mnaona kwa nini nasema hivi: fundi wa kompyuta hupigiwa simu saa nne usiku, hufanya kazi Jumapili kwa sababu ofisi imefungwa na mashine ziko wazi. Aandike kila mara katika kitabu kidogo, tarehe na saa. Na kabla ya kutia sahihi aulize, mashine ikiharibika mikononi mwangu itakuwaje? Sheria inaruhusu kumkata kiasi cha haki kwa hasara aliyoifanya kwa makusudi. Kompyuta iliyokufa kwa uzee si kosa lake. Likizo ni angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, zenye malipo.

Neno moja kwa vikundi vyenye duka la kuchapa au ofisi yenye kompyuta. Nimeona kikundi kinamwita kijana wa mwanachama, "aje atusaidie", wanampa pesa ya chai mwezi baada ya mwezi. Huyo ni mfanyakazi. Akikaa miezi mitatu lazima awe na barua ya ajira. Na mkipanga kumlipa Sh. 17,000, wekeni pembeni pia asilimia 6 ya NSSF na 1.5 ya ushuru wa nyumba ambazo ni sehemu yenu. Zote pamoja Sh. 18,275. Kama duka haliwezi kuzitoa, mwajirini kwa siku tatu za wiki na siku hizo mlipeni kamili, naye siku nyingine atafute kazi kwingine.